Ngozi ndiyo tunayoiona, hatari imo ndani



Juma hili tunaomba tuingie pamoja katika nyumba moja ya Dutwa, kwenye barabara itokayo Bariadi kwenda Lamadi. Nyumba hiyo tumeijenga wenyewe kwa ajili ya mfano, wala si ya familia yoyote tunayoijua. Ni msimu wa kuuza pamba. Binti wa miaka 16 ameamka na homa, koo linamuuma, na macho yake ni mekundu na yanachoma kama yaliyoingiwa na pilipili. Mama anasema ni malaria, kwa kuwa katika nchi yetu homa ikiingia nyumbani, malaria ndiyo ya kwanza kushukiwa. Ananunua vidonge dukani. Siku ya tatu madoa mekundu yaliyokoza hadi kukaribia weusi yanajitokeza usoni na kifuani, midomo inavimba na kupasuka, na malengelenge yanaanza. Jioni, mama anapomgeuza mwanawe kitandani, shuka linaondoka na ngozi.

Wakubwa wa nyumba wanakutana. Bibi anasema ni jini. Mjomba anasema ni surua iliyorudi ndani. Jirani anashauri apakwe majivu ili vidonda vikauke. Kila mmoja anazungumza kwa huruma, na kila mmoja anaitazama ngozi. Hakuna aliyeuliza: "Mwanangu, tangu mwezi uliopita umemeza dawa gani?" Lau wangeliuliza, binti angelijibu kwamba siku 12 zilizopita alianza kumeza vidonge vya kotrimoksazoli, ambavyo wengi wetu tunaviita Septrin, kwa ajili ya kikohozi.

Swali hilo moja ndilo lililotufanya tushike kalamu. Maradhi haya huonekana kwenye ngozi, lakini mara nyingi chanzo chake ni kitu kilichoingia mdomoni, na yanapoua, huua kwa yale yanayotokea ndani ya mwili. Familia inayoitazama ngozi peke yake hukosa vyote viwili: hukosa kukijua chanzo na hukosa kuiona hatari.

Maradhi yenyewe

Madaktari huyaita maradhi ya Stevens-Johnson. Jina hilo limetokana na madaktari wawili wa watoto wa Marekani, Albert Stevens na Frank Johnson, ambao mwaka 1922 waliandika habari za wavulana wawili waliopatwa na homa kali, vipele vya ajabu, vidonda vya mdomoni na maradhi makali ya macho. Mwaka 1956 daktari wa ngozi wa Uskoti, Alan Lyell, alieleza hali iliyo kali zaidi, ambamo ngozi ya mgonjwa hubanduka kama ya mtu aliyemwagiwa maji ya moto. Leo wataalamu wanaamini kwamba hali hizo mbili ni maradhi mamoja yenye daraja mbalimbali.

Daraja hizo hupimwa kwa ukubwa wa eneo la ngozi lililobanduka. Kiganja cha mgonjwa mwenyewe, pamoja na vidole vyake, ni takriban sehemu moja katika mia ya ngozi yake yote. Ikiwa eneo lililobanduka halifiki viganja 10, ni daraja ya kwanza, na hapo hufariki takriban mgonjwa mmoja katika kila 10 hadi 20. Likizidi viganja 30, ni daraja ya juu kabisa, na hapo hufariki takriban mmoja katika kila watatu, hata katika hospitali zenye vifaa vingi.

Tunashukuru kwamba maradhi haya ni ya nadra. Katika nchi zilizoyahesabu, huwapata watu wachache tu katika kila milioni kwa mwaka. Mkoa wetu wa Simiyu, wenye wilaya za Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega, ulikuwa na watu zaidi ya milioni 2 katika sensa ya mwaka 2022. Kwa hiyo zahanati moja yaweza kupita miaka mingi bila kumwona mgonjwa wa namna hii hata mmoja. Unadra huo ni rehema, lakini pia ni mtego, kwa kuwa jambo lisiloonekana mara kwa mara husahaulika, na linapofika hupewa jina la jambo jingine.

Kidonge kinavyogeuka kuwa moto

Mwili wa mwanadamu umepewa na Mola wake jeshi la kuulinda, nalo ni chembe nyeupe za damu. Kazi yake ni kuwatambua wageni wabaya na kuwaangamiza. Kwa watu wachache, dawa fulani hujishikiza kwenye chembe za mwili kwa namna inayolifanya jeshi hilo lizione chembe hizo kama adui. Hapo askari huanza kuwaua wenyeji. Chembe za tabaka la juu la ngozi hufa kwa wingi, tabaka hilo huachana na lililo chini yake, na maji hujikusanya katikati. Hayo ndiyo malengelenge.

Dawa zinazojulikana zaidi kwa jambo hili si nyingi. Zipo zenye salfa, kama kotrimoksazoli, na sulfadoksini iliyomo katika SP. Zipo baadhi ya dawa za kifafa, kama karbamazepini, fenitoini, fenobarbitoni na lamotrijini. Ipo alopurinoli inayotumiwa kwa maradhi ya jongo, ipo nevirapini katika dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, na zipo baadhi ya dawa za maumivu, kama piroksikamu. Kwa watoto, wakati mwingine chanzo si dawa bali ni vijidudu vinavyosababisha kikohozi na homa ya mapafu.

Jambo la kukumbuka ni muda. Mara nyingi maradhi haya hayaji saa ile dawa ilipomezwa. Huja baada ya siku 4 hadi 28 tangu mgonjwa aanze dawa mpya, na pengine hata baada ya majuma manane. Ndiyo maana mgonjwa hulaumu chakula cha jana, ilhali kidonge chenyewe alikimaliza juma lililopita.

Tena, kabla ya ngozi kubadilika, hutangulia siku moja hadi tatu za homa, koo kuuma na macho kuchoma, dalili zinazofanana sana na mafua au malaria. Hapo ndipo wengi hununua vidonge zaidi, na pengine huongeza dozi ya kidonge kilekile kinachowaunguza.

Yanayotokea ndani

Ngozi ni ukuta wa mji. Ukuta ukianguka, maji ya ndani hutoka nje na maadui wa nje huingia ndani. Mgonjwa aliyebanduka ngozi hupoteza maji mengi kila siku, pamoja na chumvi na protini, bila mtu kuyaona yakimwagika, kwa kuwa hunywewa na shuka na hewa. Damu hupungua nguvu ya kusukumwa, mapigo ya moyo huenda mbio, na figo zisizopata damu ya kutosha hushindwa kuchuja. Mkojo huwa mchache na wenye rangi ya chai. Pia joto la mwili hupotea, mgonjwa akatetemeka mchana wa jua kali.

Kisha huja bakteria. Wale wanaoishi juu ya ngozi bila madhara hupata mlango wazi wa kuingia katika damu. Damu ikishaingiwa, viungo huanza kushindwa kimoja baada ya kingine. Hii ndiyo sababu kubwa ya vifo katika maradhi haya: mgonjwa hufa kwa damu yake kushambuliwa, si kwa maumivu ya vidonda.

Wala moto huo haukomei kwenye ngozi ya nje. Ngozi ina ndugu yake, nao ni utando laini unaofunika ndani ya macho, pua, mdomo, koo, umio, njia za hewa na sehemu za siri. Utando huo nao hubanduka. Mgonjwa hushindwa kumeza hata mate yake, na njaa huongezeka juu ya kiu. Njia za hewa zikishambuliwa, mgonjwa huhema kwa shida, hukohoa vipande vya utando, na pengine huhitaji mashine ya kupumulia. Ini nalo huweza kuvimba. Sehemu za siri za mwanamke zisipohudumiwa mapema zaweza kushikamana zinapopona, jambo linalokuja kuleta mateso katika ndoa. Kwa hiyo mama wa binti asione haya kuliuliza kwa mhudumu wa kike.

Macho yana msiba wao. Wakati homa bado ipo, kope zaweza kuanza kushikana na jicho, na kioo cha jicho kikapata makovu. Wako waliopona ngozi yao yote, wakatoka hospitalini wakitembea, kisha wakapoteza uoni kidogo kidogo, kwa sababu hakuna aliyeyatazama macho yao katika juma la kwanza.

Tunaleta ushahidi mmoja kwamba hesabu ya kweli iko ndani. Mwaka 2000 madaktari wa Ufaransa walitoa kipimo cha kukadiria nani yuko katika hatari ya kufa kwa maradhi haya. Kina mambo saba: umri wa kuanzia miaka 40, kuwa na saratani, mapigo ya moyo yanayozidi 120 kwa dakika, kiwango cha yurea katika damu, kiwango cha sukari, kiwango cha bikaboneti, na ukubwa wa ngozi iliyobanduka. Katika mambo saba, ni moja tu linalohusu ngozi. Matatu hayaonekani kabisa mpaka damu ipimwe. Basi mzee anayesimama mlangoni na kusema "vidonda vinakauka, atapona" amelitazama jambo moja katika saba.

Yapo pia maradhi mengine ya jamii hiyo, ambayo ngozi yake haibanduki sana lakini ndani yake kuna moto. Mgonjwa hupata upele mwilini, uso huvimba, matezi ya shingo na kwapa hutuna, na homa haishuki, majuma mawili hadi manane baada ya kuanza dawa. Huyu huonekana ana upele wa kawaida, kumbe ini lake linaungua, na pengine figo au moyo. Akiwa na macho ya njano pamoja na upele na homa, asilazwe nyumbani hata usiku mmoja.

Afrika Mashariki iliyapitia haya

Haya si mambo ya nchi za mbali. Katika miaka ya nyuma, wagonjwa wa kifua kikuu wa Afrika Mashariki walikuwa wakipewa dawa ya thiasetazoni, kwa kuwa ilikuwa ya bei nafuu. VVU vilipoenea, madaktari wa Nairobi waliona jambo la kutisha na mwaka 1991 wakalichapisha: takriban mgonjwa mmoja katika kila watano wenye VVU alipata madhara ya ngozi kwa dawa ile, na baadhi yao walifariki kwa kubanduka ngozi. Kwa wasio na VVU, hilo lilikuwa nadra sana. Baada ya hapo Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mwenye VVU asipewe thiasetazoni.

Hapa Tanzania wazazi wengi wanaikumbuka Fansidar. Mwaka 2001 klorokwini iliondolewa kuwa dawa ya kwanza ya malaria, kwa kuwa vimelea vilikuwa vimeizoea, ikaingia SP. Watu wengi waliiogopa kwa habari za waliobabuka ngozi. Sulfadoksini hukaa mwilini kwa siku nyingi, na kwa hiyo mwili ukiikataa, haiwezi kutolewa upesi. Dawa mseto ilipoingia, kuanzia mwishoni mwa mwaka 2006, hofu hiyo ikatulia.

Ndivyo ilivyokuwa pia kwa nevirapini. Serikali ilipoanza mpango wa kitaifa wa kutoa dawa za kufubaza VVU mwaka 2004, nevirapini ilikuwa katika mchanganyiko wa kwanza. Iliokoa roho nyingi mno, na kwa wachache ilileta upele mkali na kuunguza ini. Leo wagonjwa wengi hutumia mchanganyiko wenye dolutegraviri, ulioanza kusambazwa nchini mwaka 2019.

Tunayataja haya kwa tahadhari, tukichelea msomaji asije akafunga gazeti na kutupa dawa zake. Hilo lingekuwa kosa kubwa kuliko maradhi tunayoyaeleza. SP wanayopewa wajawazito kliniki huwakinga wao na watoto wao na malaria, na mama asiikatae kwa hofu. Amweleze tu mkunga kama aliwahi kudhurika na dawa ya salfa, au kama kila siku anameza kotrimoksazoli, kwa sababu dawa hizo mbili hazipewi pamoja. Mgonjwa wa kifafa naye asiache dawa kwa kusoma makala, kwani kuiacha ghafla kwaweza kuleta degedege lisilokatika. Maelfu hunufaika na dawa hizi bila kudhurika. Tunachokitaka ni kwamba yule mmoja anayedhurika atambuliwe mapema.

La kufanya nyumbani

Mtu aliyeanza dawa mpya katika majuma manane yaliyopita akipata upele pamoja na mojawapo ya mambo haya, apelekwe siku hiyohiyo: homa, vidonda vya mdomoni, macho mekundu yanayochoma, ngozi inayouma badala ya kuwasha, malengelenge, uso kuvimba, au ngozi inayotelezeka ikisuguliwa kidogo kwa kidole.

Asimeze tena dawa aliyoianza karibuni mpaka aonwe, na aonwe siku hiyo. Kila siku inayopita huku dawa ikiendelea kuingia mwilini hupunguza matumaini ya kupona. Mchukulieni vidonge, makaratasi na chupa zote, hata za mitishamba, katika mfuko mmoja. Mfuko huo una thamani kwa daktari kuliko maelezo ya watu kumi.

Msimpake majivu, dawa ya meno, mafuta ya kupikia wala kitu chochote. Msitumbue malengelenge. Mfunikeni kwa khanga au shuka safi iliyofuliwa na kukauka, mumpe maji kidogo kidogo ikiwa anaweza kumeza, na mumkinge na baridi ya njiani. Bodaboda si chombo cha kumbebea mgonjwa aliyebanduka ngozi ikiwa kuna gari lolote linaloweza kupatikana.

Zahanati ya kijiji ni mahali pa kuanzia, si mahali pa kungojea. Mgonjwa wa namna hii anahitaji hospitali inayoweza kupima damu, kumwekea maji ya mshipani kwa hesabu, kumlisha kwa mrija, na kumfanya apate joto. Mkoa una hospitali yake ya rufaa hapa Bariadi, na hali ikizidi, njia ya lami hupita Lamadi na Magu hadi Hospitali ya Bugando, Mwanza. Nchi yetu pia ina chuo cha maradhi ya ngozi pale KCMC, Moshi, kilichoanza mwaka 1992 na kinachofunza wataalamu kutoka nchi nyingi za Afrika. Basi si vibaya familia kuuliza kama karibu yao yupo mmoja wa waliosoma huko. Na kila siku ya kulazwa, mwenye kumuuguza aulize maswali mawili: "Mkojo wake leo umekuwa kiasi gani?" na "Macho yake yametazamwa na nani?"

Tunajua gharama. Wengine huuza ng'ombe, wengine hungoja malipo ya pamba. Lakini ng'ombe aliyeuzwa siku ya pili huweza kuokoa roho, na aliyeuzwa siku ya nane huenda akanunua sanda. Misikiti yetu huchanga vizuri sana kwa ajili ya mazishi. Tunaomba ichange vilevile kwa ajili ya gari la mgonjwa.

Amana ya elimu

Uislamu umetuamrisha kujitibu. Mtume wetu (s.a.w.) aliwahimiza Masahaba watafute dawa, akafundisha kwamba Aliyeteremsha maradhi ameteremsha na tiba. Kisomo na dua ni haki ya mgonjwa, wala hatumkatazi mtu kumsomea mwanawe. Kisomo huweza kufanyika ndani ya gari linalokwenda hospitali, na huweza kufanyika kando ya kitanda cha wodini. Kisichofaa ni kukifanya kisomo kuwa sababu ya kuchelewa.

Kipo kisa alichokipokea Abu Dawud, cha mtu aliyejeruhiwa kichwani safarini, kisha akapatwa na janaba. Akawauliza wenzake kama anaruhusiwa kutayamamu. Wakamwambia haruhusiwi, maadamu maji yapo. Akaoga, akafa. Mtume (s.a.w.) alipopata habari alighadhibika mno, akawalaumu kwa kujibu wasilolijua badala ya kuuliza. Watu wale hawakuwa na nia mbaya. Walikuwa wenzake wa safari, nao walimuua kwa jibu la haraka.

Wazee wa nyumba yetu ya Dutwa, na sisi sote, tumo katika kisa hicho. Na wenye maduka ya dawa wamo zaidi, kwani limepokewa pia fundisho kwamba anayejifanya tabibu bila kujulikana kwa elimu hiyo hubeba dhamana ya madhara anayoyaleta. Ndugu mwenye duka la dawa muhimu, kabla hujampa mtu dawa yenye salfa, muulize kama aliwahi kuipata ikamdhuru. Swali hilo halichukui hata nusu dakika.

Katika ibada, dini imemfanyia mgonjwa wepesi. Ambaye maji yatamdhuru hutayamamu, asiyeweza kusimama huswali amekaa au amelala, na funga ya Ramadhani huahirishwa. Sitara ya mwanamke hulindwa kadiri inavyowezekana, lakini dharura ya tiba huruhusu kufunuliwa panapohitajika. Na ikiwa Allah amemchukua mja wake, na kuoshwa kutaibandua ngozi yake, wanachuoni wa madhehebu ya Shafi na wengineo wamesema hutayamamishwa. Ulizeni masheikh wenu kabla ya kumwagia maji mwili uliokwisha teseka.

Baada ya kupona

Ngozi ya nje huota upya, kwa kawaida ndani ya majuma matatu hivi, ingawa mabaka ya weusi na weupe hukaa muda mrefu. Tusiyafanye mabaka hayo kuwa aibu. Maradhi haya hayaambukizi, hayatokani na uchawi, na binti aliyepona asizuiwe kuolewa kwa sababu yake. Nabii Ayyub (a.s.) aliteseka mwilini na hakupungukiwa na heshima mbele ya Mola wake.

Jina la dawa iliyomdhuru liandikwe katika karatasi ngumu, na nakala mbili: moja akae nayo mgonjwa, nyingine ikae na kadi ya kliniki. Asiimeze tena maisha yake yote, hata kidogo, wala dawa za ukoo wake bila ruhusa ya daktari, kwani kurudia kwaweza kuua. Wazazi, watoto na ndugu wa damu nao wamweleze daktari kabla ya kupewa dawa hiyo, kwa sababu mara nyingine udhaifu huo hurithiwa. Mwombeni mhudumu wa afya ajaze fomu ya madhara ya dawa iende TMDA, mamlaka inayosimamia dawa nchini. Tanzania ni mwanachama wa mpango wa dunia wa ufuatiliaji wa madhara ya dawa tangu mwaka 1993, na ni kwa kuandikwa habari za wagonjwa kama hawa ndipo watu walipojua kwamba thiasetazoni inaua.

Turudi Dutwa. Usiku umeingia, wazee wangali wanajadiliana, na binti amenyamaza. Mdogo wake wa kiume, ambaye hakuna aliyemuuliza neno, anachukua mfuko wa plastiki, anaokota chini ya mto karatasi ya vidonge yenye matundu matupu, anamletea mama yake. "Mama, dada alikuwa anakunywa hivi." Mama anaitazama karatasi, anafunga kilemba, anamtuma mtu kwa mwenye gari.

Familia ikifika mapema kwenye karatasi ile, tabibu hupata mahali pa kuanzia. Tunamuomba Allah (s.w.t.) awaponye wagonjwa wetu, na atujaalie kuwa miongoni mwa wanaouliza kabla ya kujibu. Amin.